Naomba ushauri: TSH haishuki licha ya livothairoksini

Wadau, habari zenu. Naomba msaada kwa wanaozijua dawa za tezi ya thairoidi. Mgonjwa ana kilo 62, anameza livothairoksini (homoni ya thairoidi ya kidonge) mikrogramu 100 kila asubuhi, yaani takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo. Hiyo ni dozi kamili. Wiki 8 zimepita, TSH (kipimo cha damu kinachopanda homoni ya thairoidi ikipungua) bado iko juu, 11.

Kabla daktari hajaongeza dozi, nashuku dawa haifyonzwi. Inamezwa kwa maji, tumbo tupu, sawa. Lakini dakika 10 baadaye inafuata kahawa na kidonge cha madini ya chuma. Chuma hugandamana na dawa humohumo tumboni, nayo hutoka na choo bila kufika kwenye damu. Ndiyo maana hutenganishwa kwa saa 4, kama ilivyo kwa kalsiamu.

Je, kuna aliyewahi kuona dozi ikihamishiwa wakati wa kulala, saa 3 baada ya mlo, na chuma kikabaki mchana? Linalonitatiza zaidi ni omeprazoli anayotumia: asidi hupungua kutwa nzima, kidonge hakiyeyuki vizuri, na hakuna saa ya kuikwepa. Mnaishughulikiaje?