Msaada: seli zikivimba kalsiamu inapanda, ila kwanza inashuka. Nifanyeje?

Mwanamaabara: Wakuu, habari za usiku. Nipo Ujerumani, nasoma uzamili wa baiolojia ya seli. Nina seli za HEK 293 (seli za figo ya binadamu zinazokuzwa maabara) nilizozipandikiza jeni la chaneli ya TRPV4, yaani mlango wa kwenye utando wa seli unaopitisha kalsiamu. Nikishusha osmolaliti ya nje (wingi wa chumvi na vitu vingine vilivyoyeyuka) kutoka milliosmoli 300 hadi 200 kwa kilo, seli zinavimba na kalsiamu ya ndani inapanda. Hilo nililitegemea. Kalsiamu naifuatilia kwa rangi inayowaka ikishikana nayo. Shida ni kwamba kabla ya kupanda mwanga unashuka kidogo, kila mara. Ijumaa naonana na msimamizi na usingizi sina. Nini kinaishusha kalsiamu?

Nesi_Mstaafu: Pole mwanangu. Habari za maji na chumvi tumeziona wodini. Mama mmoja alikoroga pakiti ya ORS (chumvi na sukari ya kumpa anayeharisha) ya lita moja kwenye chupa ya nusu lita, akidhani ikikolea ndiyo dawa. Mtoto kiu haimwishi, analia bila machozi. Vipimo vifuatwe, jamani.

Baba_Kulwa: Kijana, una msimamizi halafu unakuja kuuliza huku? Heshima kwa mwalimu kwanza.

Darubini: Mkuu, rangi gani unatumia? Na osmolaliti umeishushaje? Hujasema.

Mwanamaabara: Fluo-4. Nachanganya mmumunyo sehemu mbili, maji matupu sehemu moja.

Darubini: Basi kalsiamu haijashuka. Seli ikivimba, rangi iliyomo inasambaa kwenye nafasi kubwa zaidi, mwanga unafifia. Fluo-4 unaisoma kwa urefu mmoja wa wimbi la mwanga, haiwezi kutofautisha. Fura-2, rangi nyingine ya kalsiamu, unaimulika kwa nanomita 340 na 380, unagawanya, uvimbe unajifuta kwenye hesabu. Na hayo maji yako yameondoa theluthi ya kila kitu, pamoja na kalsiamu ya nje na sodiamu. Umebadilisha mambo matatu kwa mpigo.

Mwanamaabara: Lakini maabara yetu wote wanafanya hivyo. Na kupanda kupo kweli, sijatunga. Grafu nimeshamtumia msimamizi, nimeianzisha sekunde ya 20 ili isichanganye watu.

Darubini: Umekata mwanzo?

Mwanamaabara: Nimeacha sehemu isiyohusika tu.

Mpelelezi: Wanajamvi, hii chai. Mtu wa uzamili asijue rangi inafifia seli ikivimba? Huyu ana zoezi la darasani, anataka tumfanyie.

Baba_Kulwa: Hata mimi nilishtuka mapema.

Mwanamaabara: Ningekuwa natunga ningejipa aibu hii? Saa hizi nipo chumba cha hadubini, taa zimezimwa, nimevaa koti. Mmumunyo ukibadilika, seli zinatuna kama maandazi yaliyoingia kwenye mafuta, kisha mojamoja zinawaka. Baada ya dakika kadhaa zinaanza kunywea, zinatema potasiamu na kloridi, maji yanafuata.

Darubini: Mpelelezi, awe nani awe nani, swali ni la kweli. Mwanamaabara, tengeneza mmumunyo wenye sodiamu kloridi milimola 85 badala ya 140, viungo vingine viache. Wa kawaida uongeze manitoli (aina ya sukari isiyoingia kwenye seli kirahisi) milimola 100, wa kuvimbisha usiongeze. Chumvi sawa, kalsiamu sawa, tofauti ni manitoli tu. Rudia na seli zisizopandikizwa jeni hilo. Halafu rudia bila kalsiamu nje, ukiweka EGTA, kemikali inayonasa kalsiamu: mwanga ukikosekana, kalsiamu ilikuwa inaingia kutoka nje, ukibaki, ghala la ndani linahusika. Na ile grafu irudishe nzima.

Mwanamaabara: Nikiirudisha ataona nilikata.

Nesi_Mstaafu: Ataona umerudisha, mwanangu.

Mpelelezi: Nesi, yule mtoto alipona?

Nesi_Mstaafu: Alipona. Tulimpa kidogokidogo kwa kijiko, usiku kucha.

Mwanamaabara: Manitoli imo kabatini. Nimepima gramu 1.82 kwa mililita 100. Grafu nimetuma upya, kuanzia sekunde ya kwanza. Bado hajajibu.