Kushusha kayaki na mitumbwi mwaloni: nani kashaaibika? Tupeane uzoefu

Mzee wa Kasia: Asubuhi hii Luchelele, hapa Mwanza, nimeona jamaa anashusha kayaki kutoka juu ya Probox, kaitanguliza majini halafu karudi kufuata kasia garini, kugeuka chombo kinaondoka chenyewe kama kimeitwa. Nikacheka, halafu nikakumbuka ya kwangu nikanyamaza. Tiririkeni.

Nyakato Moja: Asubuhi upepo unatoka nchi kavu mkuu, lazima kiondoke. Mchana ndo ziwa linakurudishia.

Binti Igombe: Umenitonesha. Mimi Igombe, kayaki ya kuazima, ina kakizibo nyuma ka kutolea maji mi nikajua ni pambo. Tunaiburuza mchangani mimi na mdogo wangu, macho yote ziwani, kumbe tunapita juu ya dagaa wa mama wa watu kaanika. Nilitukanwa Kisukuma na Kikerewe mpaka nikatoa elfu kumi na tano. Sasa nimeingia, mita mia hivi naona chombo kizito, nakazana kupiga kasia, mkia ushazama pua inaangalia mbinguni!! Kizibo kimebaki mchangani. Vijana wa dagaa waliokuwa wanarudi na taa zao ndo wakanivuta kwa kamba, mwalo mzima umesimama unaangalia. Aliyenipokea na khanga kavu ni yule yule mama, akaniambia dagaa umelipa, na hii utalipa.

Kayenze Boy: 😂😂 uliilipa?

Mjomba Kirumba: Ndo maana nasema mwalo ni kazi, siyo pikiniki. Mnakuja kuziba njia ya mitumbwi.

Nyakato Moja: Mwalo umenunua wewe?

Mjomba Kirumba: Sijanunua, ila kodi nalipa. Wewe unalipa nini?

Capri Mtulivu: Acheni ugomvi. Msishukie kwenye magugu, konokono wa kichocho wanapenda hapo, maji yametulia.

Kayenze Boy: Jipake mafuta ya taa miguuni, mi miaka yote hivyo.

Capri Mtulivu: Utanuka tu. Vaa buti, kapime. Na dawa ya kichocho ukimeza kesho yake baada ya kuingia majini haiui minyoo michanga, subiri wiki sita mpaka nane.

Sweya Dada: Na jaketi la kuokolea mlivae nchi kavu jamani, siyo mnalikalia.

Mjomba Kirumba: Linalainisha kiti.

Nyakato Moja: Wa Luchelele aliipata kayaki yake lakini?

Mzee wa Kasia: Imenasa kwenye magugu maji, kakaa juu ya jiwe anaiangalia na kasia mkononi.

Binti Igombe: @Kayenze Boy khanga ninayo mpaka leo.