Gari inagonga ikipanda mlima, nihamie petroli ya oktani kubwa?

MwanaUyole: Habarini wakuu. Forester yangu ya 2004 ikianza kupanda kutoka Uyole kwenda Tukuyu inagonga, mlio kama kokoto ndani ya kopo. Nikikanyaga mafuta ndo inazidi. Nimesikia shida ni oktani ndogo. Swali langu moja tu: nitafute petroli ya bei ya juu, au ninunue dawa ya kuongeza oktani? Tafadhali msiniambie "nenda kwa fundi", mafundi wamenila vya kutosha.

BintiMafiati: Uza hiyo Subaru, nunua IST. Uzi ufungwe.

MnyaluOG: Tulie na bei kwanza. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wadhibiti wa mafuta, wakitoa bei kikomo mimi naangalia ya Dar, kisha yetu, nanyamaza. Lori limepanda mlima wa Kitonga na wese, na nauli yake tunailipa sisi. Halafu hiyo Kitonga isikieni tu. Niliwahi kumbeba bi harusi tunatoka Mikumi, gari ikazima kwenye kona, shela ikawa kitambaa cha kufungia mpira wa rejeta. Harusi ilifanyika, ila mama mkwe wake hanisalimii hadi leo.

TichaFizikia: Wengi wanadhani oktani ni nguvu. Ni uwezo wa petroli kuvumilia kubanwa bila kujilipua yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Mbeya tuko juu, kama mita 1,700, hewa nyepesi, kwa hiyo mgandamizo ndani ya injini unapungua na oktani ndogo inatosha. Colorado kule Marekani wanauza hadi 85. Ila msilinganishe na namba zetu, wao wanachukua wastani wa vipimo viwili. 87 yao ni kama 91 au 92 kwa kipimo chetu cha RON.

FundiSoweto: Ticha, hiyo ni kwa injini ya kawaida. Yenye turbo inajisukumia hewa yenyewe, mlima haiujui. Mkuu, yako ni turbo? Fungua kifuniko cha tangi usome kibandiko. Japani petroli ya kawaida haipungui 89, ile ya juu haipungui 96, na turbo nyingi zimetengenezewa hiyo ya juu. Lakini kama zamani ilikuwa inapanda vizuri, kuna kitu kimebadilika. Wese unaweka wapi?

MwanaUyole: Ni turbo. Wese naweka sehemu mbalimbali.

FundiSoweto: Sehemu mbalimbali ndiyo sheli gani? Risiti unazo?

MwanaUyole: Mkuu hapa si polisi. Kuna jamaa njia ya Tunduma ananiuzia kwa madumu, anapunguza bei vizuri. Mafuta masafi, nimeyaweka kwenye chupa ya maji nikayatazama, meupe kabisa. Na gari yenyewe ni ya shemeji yuko Dar, ananitumia hela ya mafuta kwa bei ya sheli. Nikirudi sheli mimi nabaki na nini? Dawa ya oktani nishalipia nusu ya katoni, kwa hiyo tuzungumzie dawa.

MzeeWaKanisa: Kijana, shemeji amekuamini na wewe unakunywa tangi lake. Ukioa utajua uchungu wa shemeji.

FundiSoweto: Basi jibu ushalitoa mwenyewe. Petroli ikichanganywa na mafuta ya taa oktani inashuka, injini inagonga. Vinasaba, ile alama ya siri inayowekwa kwenye mafuta halali, unadhani vililetwa 2010 kwa ajili ya nini? Kwa macho huwezi kujua. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli inakauka bila alama, likibaki doa la mafuta ujue umeuziwa mchanganyiko. Kausha tangi, jaza ya sheli, angalia plagi. Ukiendelea kuipandisha hivyo itatoboa pistoni, na pistoni ya hiyo gari hailipiki kwa faida ya madumu.

KahawaMbozi: Ngojeni kidogo. Asubuhi gari ilikuwa "yangu", sasa hivi ya shemeji. Na nani ananunua katoni ya dawa kwa gari moja? Chai hii wakuu, tena ya Rungwe, majani yamechumwa leo. Mtu anatafuta soko.

BintiMafiati: 😂😂 Nilisema IST mapema.

MwanaUyole: Chai ya nini? Katoni inapungua bei, ndo maana. Na inafanya kazi, jamaa yangu wa Makambako anaitumia kwenye Impreza, kugonga kumekwisha.

KahawaMbozi: Mnaona? Kaja kuuliza kama inafaa, sasa anatuletea ushuhuda.

TichaFizikia: Mimi nilimwandikia aya nzima. Nirudishieni bando langu.

MzeeWaKanisa: Kama shemeji hayupo, dhambi imepungua. Bado kuna ya uongo.

MnyaluOG: Chai au si chai, hizo chupa bei gani? Nipo Mafinga.

MwanaUyole: Njoo pembeni mkuu.