Nge bandia: nachekecha majani sioni hata mmoja, nakosea wapi?

Mpekuzi_Majani
Wakuu, habari zenu. Natafuta nge bandia, vile vidude vyenye magando kama nge lakini mkia hawana. Nimechekecha majani yaliyoanguka chini ya miti mara nne, kila mara ndoo nzima, kwa chekecheke la matundu ya milimita 2. Napata sisimizi, utitiri na vibuibui tu. Tatizo ni mahali, kifaa au macho yangu? Na nikimpata, namwangaliaje akiwa hai bila kumuumiza?

Lenzi_Kumi
Mkuu, anza na hilo chekecheke. Wengi wana mwili wa milimita 2 hadi 5, lakini magando yakitandazwa upana unaongezeka, na mdudu anayeng'ang'ania jani hapiti kwenye tundu la milimita 2. Tafuta la milimita 5 au 6.

Pili, usibebe ndoo nzima. Majani ya juu, yale yanayolia chakachaka, yaweke kando kwa mkono. Unayoyataka ni ya chini: meusi, yamelainika, yana nyuzi nyeupe za kuvu, ukiyafinya yanashikamana lakini hayatoi maji. Chekecha konzi mbili tu kwa zamu, nusu dakika hivi, juu ya trei nyeupe. Chenga zisifunike trei. Lazima uone weupe katikati yake.

Tatu, na hapa ndipo wengi wanapowakosa: subira. Ukimtikisa, nge bandia hujikunyata, magando anayakunja kifuani, na hapo hana tofauti na punje ya udongo. Ukimwaga chenga baada ya dakika moja, umemmwaga na yeye. Weka trei penye mwanga, usiipulizie, ngoja dakika 5 hadi 10. Usitafute umbo, tafuta mwendo. Atatoka polepole, magando mbele, akipapasa njia kama mtu aliye gizani. Na kweli anapapasa: macho yake ni manne, mawili, au hana kabisa, kutegemea spishi. Anachotegemea ni vinyweleo virefu vya kwenye magando.

Ukiwa na shaka, mguse kwa mbele na ncha ya brashi laini ya kuchorea. Nge bandia atarudi kinyumenyume, tena kwa kasi kuliko alivyokuja. Utitiri hana mbio za namna hiyo.

Gamba_la_Mti
Naongezea, ila kwa anayeanza mimi ningemwambia aache majani kwanza, aende kwenye magome. Tafuta mti uliokufa ambao gome limeanza kuachia lakini bado limeshikilia, na nyuma yake pana nafasi ya kupitisha ukucha. Gome lililolowa chepechepe au lililokauka likawa unga mara nyingi halina kitu. Libandue taratibu kwa kisu butu, shika trei chini yake, kagua pande zote mbili: ya gome na ya mti. Wanaokaa huko wamebanwa bapa, kahawia iliyokolea, hivyo pitia kila ufa kwa lenzi ya kukuza mara 10.

Ukiona kitu mviringo kama dengu, kimefumwa kwa hariri na kubandikwa chenga za mbao, usikipasue. Ni chumba chake. Humo hujivua gamba, na majike wa spishi nyingi hulelea mayai humo. Aliyetoka kujivua ni mweupe, mwili teketeke, na magando hayajakaza. Kisha rudisha gome mahali pake, maana likibaki chini unyevu unapotea na wote waliomo wanahama au wanakufa.

Halafu usiwapuuze nzi wa kwenye samadi na miti iliyooza. Kuna nge bandia wanaosafiri kwa kubana mguu wa nzi kwa gando moja. Anaonekana kama uchafu unaoning'inia.

Mpekuzi_Majani
Asanteni sana. Na ile njia ya faneli na taa je, ya kuweka majani kwenye faneli chini ya taa ili vidudu vishuke kwenye chombo cha chini? Nina balbu ya LED.

Lenzi_Kumi
LED nyingi hazitoi joto la kutosha, na hapo kinachofanya kazi ni ukavu unaoshuka toka juu, mwanga unasaidia tu. Tumia balbu ya zamani ya wati 25 hadi 40, iwe sentimita 15 au 20 juu ya majani, tabaka lisizidi sentimita 8. Wati 60 ni haraka mno, wanakauka kabla hawajashuka. Acha siku 3 hadi 5. Chombo cha chini kifunge baada ya vumbi la kwanza kuanguka, weka karatasi laini yenye unyevu, kagua asubuhi na jioni kwa sababu watalana humo.

Gamba_la_Mti
Kuhusu kumwangalia: mwinue kwa brashi iliyoloweshwa kidogo, usitumie kibanio, miguu inakatika. Kila mmoja chombo chake chenye mfuniko unaobana sawasawa, maana wengi hupanda kioo bila shida. Ndani weka kipande cha gome na karatasi nyevu upande mmoja. Matone yakitanda kwenye kuta umezidisha maji, na tone moja linatosha kumnasa. Mpe vidudu vidogo vinavyorukaruka bila mabawa, vya kwenye majani hayohayo. Sumu, kwa spishi zilizo nayo, iko kwenye vidole vya magando, na mtu haimdhuru.

Ukiwa na hadubini, hesabu vile vinyweleo virefu vinavyosimama kwenye vishimo juu ya gando. Kwa kawaida mzima ana 12 kwa kila gando, mtoto wa hatua ya kwanza 4, kisha 8, kisha 10. Usikimbilie kutafuta jina la spishi kabla ya kuhesabu. Funguo nyingi za utambuzi, yaani orodha za maswali zinazokufikisha kwenye jina la spishi, zimeandikwa kwa ajili ya wazima, na mtoto atakupeleka kwenye jina lisilo lake.