Naomba ushauri: kutumia kanzidata ya mihutasari ya kozi katika tasnifu ya mitaala

Mtafiti wa Kihonda:
Salamu kwenu wanajukwaa. Ninasoma shahada ya uzamili katika elimu, na tasnifu yangu inahusu vitabu vinavyofaa kusomwa katika kozi ya Taaluma za Maendeleo. Nimetumia Open Syllabus, kanzidata iliyoanzia Chuo Kikuu cha Columbia huko Marekani na kufunguliwa kwa umma mwaka 2016, ambayo hukusanya mihutasari ya kozi iliyoachwa wazi kwenye tovuti za vyuo na kuonyesha kila kitabu kimetajwa mara ngapi. Msimamizi wangu amekataa kusaini sura ya nne, na hajatoa sababu. Je, chanzo cha namna hii kinakubalika? Zimebaki siku 10 za kuwasilisha, na usingizi wenyewe siupati.

Mkutubi Mstaafu:
Mwanangu, shukuru Mungu una intaneti. Mwaka 1994 idara ilinituma kukusanya mihutasari katika vyuo vitatu. Nilipanda basi nikiwa na barua yenye mhuri, nikalala gesti siku nne, na katika ofisi moja karani alinifungulia kabati la chuma akanitolea karatasi za taipu zilizoliwa na mende, ya juu kabisa ikiwa ya mwaka 1978, akaniambia kwamba hiyo ndiyo wanayofundishia. Baadaye niligundua kwamba mwalimu wa somo hilo hakuwa ameiona kabisa. Kwa hiyo hata ukiwa na muhtasari mkononi, bado hujajua kinachofundishwa darasani.

Dada wa Takwimu:
Swali langu ni nani aliyehesabiwa humo. Jimbo la Texas lilipitisha sheria mwaka 2009 inayovitaka vyuo vyake vya umma viweke mihutasari mtandaoni, tena mahali ambapo msomaji ataifikia kwa kubofya viungo visivyozidi vitatu. Chuo cha huko, hata kiwe kidogo, kinaonekana kuliko chuo chetu ambacho muhtasari wake umefungiwa nyuma ya nywila au umetumwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Kanzidata hiyo ilipozinduliwa, kitabu kilichoongoza kilikuwa mwongozo wa Strunk na White wa kuandika Kiingereza. Hapo unajua ni madarasa ya nani yaliyojaa humo. Msimamizi amekataa kitu gani hasa?

Mtafiti wa Kihonda:
Hakusema, ila nahisi ni jedwali la pili. Sikutaka kulitaja hapa. Kozi yetu hufundishwa kwa kompendiamu aliyoiandaa yeye mwenyewe, ile ya jalada la manila la kijani inayouzwa steshenari ya getini, ambayo kuanzia ukurasa wa 40 maandishi yamefifia kwa kudurufiwa mno. Kwenye kanzidata haimo. Nimeipa sifuri na nikapendekeza iondolewe. Sidhani kama nimekosea, kwa sababu data ndizo zilizosema.

Sauti ya Changanyikeni:
Yaani umempa msimamizi sifuri, kisha unakaa kumsubiri akupe saini? Ndugu yangu, una moyo.

Mama Mlezi:
Kijana, mkubwa hasahihishwi kwenye jedwali. Ulipaswa kubisha hodi ofisini kwake kwanza. Halafu mimi nimekaa kwenye kamati za mitaala, na huko hatuulizani kitabu kipi ni maarufu. Tunahesabu saa. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kwa hiyo kozi ya krediti 10 ina saa 100, zikiwemo za mihadhara na mitihani. Wewe umependekeza vitabu vingapi?

Mtafiti wa Kihonda:
Vitabu 14, Mama. Lakini siwezi kuanza upya wakati nimeshapitia mihutasari 412. Idara za hapa nchini niliziandikia barua na hakuna iliyojibu, ndiyo maana nikaamua kuzikalia kimya.

Kalamu Nyekundu:
Mimi uzi huu nautilia shaka. Ukurasa wa wazi wa kanzidata hiyo huonyesha majina ya vitabu, hesabu na alama. Mihutasari ya walimu yenyewe haiwekwi hadharani. Hiyo 412 umeipitia wapi? Ama hujawahi kuufungua ukurasa huo, ama umetunga kisa hiki, na kompendiamu ya kijani umeiongeza ili tucheke.

Sauti ya Changanyikeni:
Na mimi nilikuwa nimeshaanza kumhurumia.

Mtafiti wa Kihonda:
Sijatunga. 412 ni namba iliyokuwa pembeni ya kitabu kilichoongoza katika jedwali langu, maana yake mihutasari iliyokitaja. Nimeandika kwamba "mtafiti alipitia mihutasari 412" kwa kuwa tasnifu nilizozisoma huandikwa hivyo.

Kalamu Nyekundu:
Basi naondoa shaka ya kwanza, nabaki na kubwa zaidi.

Dada wa Takwimu:
Kwenye nakala aliyokurudishia, aliweka alama yoyote?

Mtafiti wa Kihonda:
Jedwali hakuligusa. Mwanzo wa sura amelipigia neno "alipitia" mistari miwili ya penseli. Nilidhani ni mambo ya sarufi.

Dada wa Takwimu:
Andika kwamba ulisoma hesabu za kanzidata, na utaje ni za vyuo vya wapi. Palipo na sifuri, andika "haikuonekana", kwani kompendiamu isiyo mtandaoni haiwezi kuhesabiwa hata ifundishwe miaka 20. Na mihutasari ya hapa usiiombe kwa barua. Waombe wanafunzi, maana wengi hupewa wiki ya kwanza ya muhula na huwa bado imo kwenye simu zao.

Mtafiti wa Kihonda:
Nimekuelewa, dada. Shida ni kwamba nilishalipia kuchapa na kujalidi nakala nne, nikiamini saini itapatikana. Nimempigia mwenye steshenari sasa hivi. Anasema mbili tayari zimepakwa gundi.