Mabua ya mpunga: yachomwe, yaliwe na ng'ombe, au yarudi kondeni?

Mleta mada, Unguja

Assalamu alaykum. Baada ya mavuno moshi hutanda juu ya mabonde yetu ya mpunga. Wako wanaotaka uchomaji wa mabua upigwe marufuku, na wako wanaosema mkulima aachiwe uhuru katika konde lake. Naomba tuanze na hesabu. Tani moja ya mabua makavu hubeba takriban kilo 5 hadi 8 za naitrojeni na kilo 12 hadi 17 za potasiamu, ambavyo ni virutubisho vya mmea. Moto huipoteza karibu naitrojeni yote, na potasiamu inayobaki katika jivu husombwa kwa wepesi na mvua za mwanzo. Mwenye kuchoma tani 2 za mabua, basi, amepoteza si chini ya kilo 9 za naitrojeni, ilhali mfuko mzima wa mbolea ya urea wa kilo 50 una kilo 23 tu. Kwa visiwa ambavyo mbolea yake ya dukani huja kwa meli, hasara hii haivumiliki, na msimamo wangu ni kwamba uchomaji ukome.

Mchangiaji, Pemba

Ndugu yangu, hesabu yako ni sahihi, ila haikuutaja wakati. Mabua yana kaboni nyingi mno ikilinganishwa na naitrojeni yake, kwa hiyo yakifukiwa na mpunga ukapandwa papo hapo, vijidudu vinavyoyaozesha hushindania naitrojeni na miche, na miche hugeuka manjano. Yakifukiwa katika konde lenye maji yaliyotuama, hutoa pia gesi ya methani kwa wingi. Yanahitaji wiki kadhaa za kuoza kabla ya kupanda, na mwenye kulima misimu miwili kwa maji ya umwagiliaji huzipata kwa shida. Tutazame makonyo ya karafuu, yaani vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa: hatuyaachi yakapotea, kwa sababu kipo kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake, kinachoyatoa mafuta kwa mvuke. Kilichoyaokoa ni kuwapo kwa mnunuzi, wala sijasikia kwamba ilihitajika amri ya sheha, kiongozi wa shehia.

Mchangiaji, bonde la Cheju, Unguja

Konde ninalolima nimeazimwa, na mwakani huenda akapewa mwengine. Nikihangaika kuurutubisha udongo, atakayevuna faida ni nani? Tena nisipochoma, ng'ombe wa watu huingia wakayala mabua yote, na samadi yao huishia zizini kwa mwenyewe.

Mleta mada

Nashukuru, na nitaanza na huyu wa mwisho, kwa sababu amelishika shina la jambo. Marufuku ya kuchoma ikitangazwa leo itamwangukia mwazimwaji, ambaye ndiye mwenye sababu ndogo kabisa ya kuutunza udongo, na itamwacha mwenye konde bila wajibu wowote. Kwa hiyo napendekeza wajibu uanzie kwa anayeazimisha: akubali mbele ya sheha na mashahidi kutoa konde kwa misimu isiyopungua mitatu, na mwazimwaji naye akubali kutochoma. Kuhusu ng'ombe, mabua ni chakula chao halali wakati wa kiangazi, lakini mwenye mifugo ayalipe kwa samadi, magunia yahesabike, na makubaliano yafanywe kabla mifugo haijaingia kondeni.

Kuhusu wakati, hatulazimiki kuyafukia. Mabua yanaweza kurundikwa pembezoni, yakachanganywa na samadi, yakamwagiliwa na kugeuzwa mara kwa mara hadi yawe mboji. Hapa nina tahadhari moja, hasa kwa walio karibu na minazi. Chonga, mdudu anayetoboa vilele vya minazi, hutaga katika samadi na takataka zinazooza, kwa hiyo rundo lisilogeuzwa huwa makazi yake. Kila linapogeuzwa, mabuu yake yaokotwe na kuuliwa.

Kumvi, yaani maganda ya mpunga, zinazolundikana kwenye mashine za kukoboa ni suala jepesi zaidi: zitandikwe katika mabanda ya kuku, kisha zipelekwe shambani pamoja na kinyesi chao.

Ndugu wa Pemba, mnunuzi kama wa makonyo ningemtaka, lakini mabua ni mzigo mkubwa wenye thamani ndogo, na gharama ya gari huimaliza faida kabla hayajafika mbali. Ndiyo maana nasisitiza yatumike bondeni humo humo. Wenye makonde wanaoyaazimisha hawajasema neno hapa: je, wako tayari kwa misimu mitatu?