Kwa nini fuvu lipimwe kabla ya kufunga waya za meno?

Mzazi, Wete: Assalamu alaykum. Binti yangu ana meno ya juu yaliyochomoza, na tabibu ametaka apigwe eksirei ya kichwa kwa ubavu. Fuvu linahusu nini?

Tabibu, Mjini: Waalaykumu salaam, bibie. Huenda meno yamechomoza yenyewe, au taya la chini limerudi nyuma, na tiba zake hazifanani. Picha hiyo, ambayo madaktari wa meno Broadbent wa Marekani na Hofrath wa Ujerumani waliieleza mwaka 1931, kila mmoja kwao, huonyesha pembe baina ya mataya, yaani jinsi taya moja lilivyotangulia jingine, ambayo kwa kipimo cha Steiner, daktari wa meno wa Marekani, kwa kawaida ni takriban nyuzi 2.

Msomaji, Mkoani: Ila kipimo hicho kilitokana na Wamarekani weupe, ilhali Waafrika wengi hutokeza zaidi meno na midomo.

Tabibu, Mjini: Kweli, ndiyo maana mimi huutazama uso kwanza, kisha namba.